Hiyo Programu Yako ya Kusafisha Kompyuta Haisafishi Kitu

Wadau, nimepotea. Wiki tatu sijaandika hapa, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimehamia Dar. Sijahama. Nipo Kigoma, mwisho wa reli, na leo nimekuja na hasira. Hasira yenyewe haihusu siasa, wala barabara, wala bei ya mgebuka. Inahusu kompyuta. Msikimbie, kaeni kwanza.

Juzi nilijibanza kwenye kibanda cha fundi mmoja pale Mwanga nikisubiri mvua ipite. Akaja binti wa chuo na laptopu yake, analalamika kwamba imekuwa nzito, inachukua dakika kumi kuwaka. Fundi hakumuuliza hata swali moja. Akachomeka flashi, akamwagia programu nne: moja ya kusafisha rejista, moja ya kuongeza kasi, moja ya kudefragi, na ya nne sikuwahi kuiona, ina picha ya roketi. Akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kujaa taratibu, sote tumeukodolea macho. Yamepatikana matatizo 1,347. Akabonyeza tena. Matatizo 1,347 yametatuliwa. Shilingi elfu kumi, dada yangu. Binti akalipa, akaondoka anatabasamu.

Mimi nilinyamaza. Nimejilaumu tangu siku ile, na ndiyo sababu ya makala haya. Kwa sababu yule binti ni mimi wa mwaka 2024.

Mnakumbuka mwaka huo ziwa lilifungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 nchi zote nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, zilisimamisha uvuvi ili samaki wapate kuzaliana. Miezi ile mitatu nilizunguka na kinasa sauti: Kibirizi, Katonga, Ujiji. Nilirekodi wavuvi waliokaa kivulini wakishona nyavu ambazo hawakuwa na ruhusa ya kuzitupa majini. Nilirekodi akina mama wa dagaa, biashara imelala, wanahesabu madeni ya vikoba. Bibi mmoja wa Katonga alinikalisha kwenye mkeka wake saa moja na nusu, akanieleza maisha ya pale ufukweni tangu yeye ni mtoto, nani alikuja na karabai za kwanza, nani alizama, mwaka gani dagaa walikuwa wengi mpaka wakalishwa bata. Kabla hajaanza aliniangalia vizuri usoni.

"Rekodi vizuri, mjukuu wangu. Mimi sirudii."

Na kweli hakurudia. Alifariki mwanzoni mwa 2025. Sauti yake ilikuwa imeshapotea miezi minne kabla yake.

Laptopu yangu ilikuwa ya mtumba, ina diski ya kuzunguka ya GB 500. Nilikuwa naitunza. Yaani nilidhani naitunza. Kila Jumamosi asubuhi, chai mkononi, naendesha zile programu zote nilizowekewa na fundi: safisha rejista, futa takataka, defragi, roketi. Kila Jumamosi jibu lilikuwa lile lile: kompyuta yako ina afya asilimia 100. Ijumaa moja ya Septemba ikaanza kutoa sauti. Tik, tik, tik, kama mtu anagonga ukucha kwenye bati. Jumamosi yake nikafanya nilichofundishwa. Nikaziendesha programu zote, moja baada ya nyingine, kama mgonjwa anayemaliza dozi. Defragi peke yake ilikaa saa sita. Afya asilimia 100. Jumatatu haikuwaka.

Fundi niliyempelekea baadaye, huyu alikuwa mkweli, aliisikiliza tu kwa sikio akatikisa kichwa. Kichwa cha kusomea kimekufa, huenda kimekwaruza na sahani. Akaniuliza: ilipoanza kugonga ulifanya nini? Nikamweleza dozi yangu ya Jumamosi. Akacheka kile kicheko cha kusikitika. "Sasa kaka, mgonjwa wa moyo unamkimbiza uwanjani mara mia, unategemea nini?"

Haya, ninachosema ni hiki, na nitakisema bila kuzunguka: hizo programu za kusafisha na kuongeza kasi tunazowekeana kwa flashi hapa mjini hazitunzi diski. Kuna kazi moja tu katika utunzaji wa diski inayookoa kitu, nayo ni kujua mapema kwamba diski inakufa na kuwa na nakala kabla haijafa. Programu yoyote ambayo haikusaidii katika hilo ni pambo. Na pambo linalokuambia uko salama wakati unazama ni baya kuliko kutokuwa na kitu kabisa.

Najua mtakavyonijibu. Mbona zamani zilikuwa zinasaidia? Ni kweli, zilikuwa zinasaidia. Hapo nawapa haki yenu.

Mwaka 1982 Mmarekani mmoja, Peter Norton, alianza kuuza Norton Utilities. Enzi hizo ukifuta faili kwa bahati mbaya katika DOS ndiyo basi, hakuna pa kulirudisha, na programu yake ilikuwa inalirudisha. Huo ulikuwa msaada wa kweli. Kampuni yake ikanunuliwa na Symantec mwaka 1990. Microsoft nao wakaona pengo, wakaanza kuziba. Katika MS-DOS 6 ya mwaka 1993 waliweka programu ya kudefragi waliyopewa leseni na hao hao Symantec, na toleo lililofuata likaja na ScanDisk. Wale mliokua na Windows 98 mnakumbuka ile skrini ya defragi yenye vijisanduku vya rangi vinavyohama. Mjomba wangu alikuwa na kompyuta moja ya kuchapia barua za watu, na sisi watoto tulikuwa tunakaa kuangalia vile vijisanduku kama tunaangalia sinema. Nadhani ugonjwa ulianzia pale, kwamba kompyuta ikionyesha kitu kinasogea, basi inapona.

Defragi yenyewe ina maana yake. Diski ya zamani ni sahani inazunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kuna mkono wenye kichwa unaosogea huku na huku kutafuta data. Faili likikatwa vipande ishirini vikatupwa sehemu ishirini, mkono unahangaika. Defragi inavikusanya vipande vikae pamoja. Safi. Lakini tangu Windows Vista kazi hiyo inajifanya yenyewe kwa ratiba, mara moja kwa wiki, wewe umelala. Tangu Windows 8 inaitwa Optimize Drives. Imo humo ndani, bure, na haina roketi.

Halafu ikaja SSD. Hii haina sahani, haina mkono, haina kitu kinachozunguka. Kusoma kipande kilicho huku na kilicho kule ni sawa tu. Ukiidefragi hupati kasi unayoweza kuiona, na unachopoteza ni umri, kwa sababu chembe zake zina idadi ya kuandikwa kabla hazijachakaa. Microsoft walilijua hili. Windows 7 ya mwaka 2009 ilikuwa inazima defragi ya ratiba ikikuta SSD. Badala yake kuna amri inaitwa TRIM, ambayo kazi yake ni kuiambia SSD ni sehemu zipi data yake imeshafutwa, na Windows inaituma yenyewe. Sasa mtu ananiuzia programu ya kudefragi SSD mwaka huu wa leo! Hata hajauliza laptopu yangu ina diski ya aina gani. Ni sawa na fundi baiskeli anayetia grisi kwenye mtumbwi.

Rejista ndiyo inaniudhi zaidi. Rejista ya Windows ni daftari la mipangilio, lina mistari mingi mno. Unapoondoa programu, mistari michache inabaki imesahaulika. Inabaki tu. Haikimbii, haili chakula, haizibi njia. Ukifuta mistari mia saba umepunguza uzito kiasi cha kurasa chache za maandishi kwenye diski yenye nafasi ya vitabu milioni. Lakini ukifuta mmoja usio wenyewe, printa haifanyi kazi, au Windows yenyewe haiwaki. Microsoft wenyewe wametamka wazi kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejista na hawawezi kukuhakikishia kwamba utarekebishiwa uharibifu wake bila kuweka Windows upya. Mwenye nyumba anakuambia usiguse nguzo hii, wewe unamsikiliza mpita njia mwenye nyundo.

Na hizo namba, matatizo 1,347! Jamani, hizo namba zina kesi mahakamani. Mwaka 2019 Marekani, tume yao ya biashara, FTC, iliwabana Office Depot na kampuni ya Support.com wakakubali kulipa dola milioni 35. Walikuwa na programu ya kupima afya ya kompyuta dukani. Kabla ya kupima, mteja anaulizwa maswali manne: je, kompyuta ni nzito, je, kuna matangazo yanarukaruka, na mengine ya namna hiyo. Akijibu ndiyo kwa lolote, programu inatangaza kwamba kuna dalili za programu haribifu. Vipimo havikuwa na maana, majibu yalitoka kwenye kile kisanduku alichotia tiki. Mwaka 2024 wakabanwa wengine, Restoro na Reimage, dola milioni 26, nao kwa kutisha watu kwamba kompyuta zao zina virusi na makosa. Microsoft kuanzia Machi 2018 walisema programu ya kusafisha inayotisha mtu ili alipie wataichukulia kama kitu cha kuondolewa. Hao ni watu walioibiwa kwenye maduka makubwa yenye kiyoyozi na risiti. Sisi wa Mwanga tutasalimika na nini?

Msije mkasema tatizo ni programu za mitaani tu, zenye majina zina nafuu. CCleaner ndiyo maarufu kuliko zote, na sina ugomvi na nia ya waliyoianzisha. Lakini mwaka 2017 wahalifu waliingia kwa watengenezaji wake, wakapandikiza mlango wa nyuma ndani ya toleo rasmi la 5.33. Kwa karibu mwezi mzima, kuanzia katikati ya Agosti, watu wakawa wanapakua ugonjwa kutoka kwenye tovuti halali ya dawa. Kompyuta zaidi ya milioni mbili. Sasa yule fundi wetu hachukui hata kwenye tovuti halali. Anachukua ya kuvunjwa, toleo la kulipia lisilolipiwa, aliyopewa na rafiki aliyepewa na rafiki. Nani aliivunja, na alikuwa anatafuta nini? Hakuna anayejua. Na unaipa ruhusa ya msimamizi mkuu wa kompyuta, ile yenye barua zako, picha zako, na neno la siri la benki.

"Lakini bro, mbona ikishasafishwa inakuwa nyepesi?" Hili nimeulizwa na jamaa zangu wote, na wanastahili jibu. Inakuwa nyepesi kwa sababu mbili au tatu za kawaida kabisa. Fundi kaiwasha upya, ilikuwa haijazimwa wiki mbili. Kazima programu zilizokuwa zinajiwasha zenyewe asubuhi, jambo unaloweza kulifanya mwenyewe kwa kufungua Task Manager sehemu ya Startup, dakika moja. Au diski ilikuwa imejaa pomoni akafuta mafaili ya muda, kazi inayofanywa na Disk Cleanup au Storage Sense, zote zimo ndani ya Windows. Baada ya wiki unarudia uzito ule ule, tena na programu nne mpya zinazojiwasha asubuhi. Unarudi kwa fundi. Elfu kumi nyingine.

Simchukii fundi. Kijana anatafuta riziki, na wateja ndio tunaotaka kuona mstari wa kijani. Ukimwambia mteja diski yako ni mbovu, nunua nyingine na unakili mafaili leo, anakuona mwizi. Ukimwonyesha matatizo 1,347 yametatuliwa anakuona daktari.

Basi uchague nini? Mimi kwenye flashi yangu nina vitu vichache sana, na vyote ni bure.

Cha kwanza ni CrystalDiskInfo. Ni programu ndogo ya Kijapani, ipo inayoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Haisafishi, haiongezi kasi, haifanyi chochote. Inasoma tu. Kila diski ina daftari lake la siri linaloitwa SMART, ambalo diski yenyewe inaandika matatizo yake: imewaka saa ngapi tangu izaliwe, joto lake, sekta ngapi zimeharibika ikazihamisha, ngapi zinasubiri kuhamishwa. Angalia mistari mitatu: 05, C5 na C6. Kama kuna kitu zaidi ya sifuri hapo, na hasa kama mwezi huu ni kubwa kuliko mwezi uliopita, acha kila kitu unachofanya. Rangi ya njano si ya kujadili. Nyekundu usiniulize hata. Laptopu yangu ilikuwa na daftari hilo muda wote na huenda lilikuwa limeshaanza kuandika zamani. Hakuna hata moja kati ya programu zangu za Jumamosi iliyowahi kunifungulia.

Ila msilitegemee peke yake. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha walichokiona kwenye diski zao zaidi ya laki moja. Diski iliyoonyesha kosa la kwanza la kusoma ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyoonyesha. Hiyo ni kengele, isikilize. Lakini katika diski zilizokufa, zaidi ya asilimia 36 zilikufa bila daftari kuonyesha dalili hata moja. Zaidi ya moja katika kila tatu iliondoka kimya kimya. Soma tena sentensi hiyo, halafu niambie mstari wako wa kijani ulikuwa unajua nini.

Cha pili ni Check Disk, ile ya Windows yenyewe, chkdsk. Hii ni ya muhimu kwetu kuliko kwa watu wa miji mingine. Kigoma tumeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli wakati wenzetu wako kwenye gridi ya taifa, na hakuna mtu wa umri wangu hapa ambaye hajawahi kupoteza kazi kwa umeme kukatika katikati ya sentensi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, umeme ukikatika inapokuwa inaandika kwenye diski, inaacha hesabu zimevurugika. Mfumo wa NTFS una kumbukumbu ya kurekebisha mpangilio wake, kwa hiyo mara nyingi folda zinabaki salama. Yaliyomo ndani ya faili ulilokuwa unaandika ndiyo yanayokwenda. Baada ya kukatika vibaya, endesha chkdsk na /f ya kurekebisha. Ile ya /r inayopekua diski nzima iache, hasa kama diski inagonga au daftari la SMART ni la njano. Nakili kwanza, pekua baadaye. Hapa ndipo mafundi wengi, hata wazuri, wanaua diski: wanaanza kutibu kabla hawajaokoa. Na kama unayo pesa ya kununua programu ya kusafisha, weka pembeni, ongezea, nunua UPS. Hiyo ndiyo programu bora ya diski kwa mtu wa Kigoma.

Cha tatu ni H2testw, ya Wajerumani, sura mbaya lakini kazi yake ya kweli. Mnazijua zile flashi za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya sahani mbili za wali kuku? Mimi nilinunua moja. Ndani kuna GB 32 tu, ila imefundishwa kudanganya. Inaikubali kila faili unayoiwekea, na ikijaa inaandika juu ya zile za kwanza au inatupa tu. Unaona majina ya mafaili yote yapo, ukiyafungua ni mavi matupu, mnisamehe lugha. H2testw inajaza flashi yote halafu inasoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Fanya hivyo siku ya kununua, kabla hujaweka kitu chako humo. Inachukua muda. Wacha ichukue.

Na cha nne hakina jina, ni nakala. File History iliyomo ndani ya Windows inatosha, au FreeFileSync, au hata kuvuta folda kwa mkono kama unajiamini kwamba hutasahau. Najua bando ni ghali na saa za sauti zinakula data, kwa hiyo sitawahubiria kuweka kila kitu mtandaoni. Mimi nina diski mbili za nje. Moja iko ninapoishi, nyingine iko Ujiji kwa shangazi, ndani ya kabati la vyombo vya wageni, na kila mwezi zinabadilishana. Shangazi anadhani nimeficha pesa.

Mkidhani haya ni mambo ya Wazungu, nendeni Gombe, hapo juu tu, mwendo wa boti kutoka Kibirizi. Jane Goodall alishuka pale Julai 1960, na tangu hapo maisha ya sokwe wale yameandikwa mwaka hadi mwaka, sehemu kubwa na Watanzania wenzetu, kwa mkono, kwa Kiswahili, juu ya karatasi. Utafiti wa zaidi ya miaka 60. Miaka ya 1990 makaratasi yale yalianza kupelekwa Minnesota, baadaye yakawa chini ya Chuo Kikuu cha Duke, yakapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Mtu anaweza kununa kwamba yamekwenda mbali, na mimi hununa kidogo. Lakini sokwe mmoja aliyezaliwa mwaka 1964 leo ana wasifu uliopangwa vizuri kuliko bibi yangu wa Katonga, kwa sababu kuna watu walikubali mapema kwamba karatasi inaungua na diski inakufa.

Au angalieni Liemba yetu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa kwa vipande ikaunganishwa hapa hapa Kigoma ikiitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Wahandisi waliopewa kazi hiyo, kabla ya kuizamisha, walizipaka mashine zake grisi nzito kila mahali. Hawakuipaka rangi ili ipendeze ikienda chini. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mashine zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Wale waliwaza meli ikiwa chini ya maji itahitaji nini. Zile programu zangu za Jumamosi zilikuwa rangi.

Kwa wale ambao diski imeshaanza kugonga wakati mnasoma: izime sasa hivi. Usiisafishe, usiidefragi, usiisakinishie programu ya kurudisha mafaili humo humo. Itoe, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, nakili kwanza kile ambacho hakirudiwi: sauti, picha, tasnifu. Filamu ziache. Kama inakwama kwama, kuna ddrescue ya upande wa Linux inayonakili sehemu nzima kwanza na kurudia mbovu mwishoni. Kama ulifuta picha kwa bahati mbaya tu na diski ni nzima, PhotoRec ni bure na inafanya kazi kweli. Ukisikia kugonga kwa nguvu, hata hizo acha. Ni ya mtaalamu mwenye chumba safi, na gharama yake, nimeulizia, inazidi laptopu yangu.

Kutoka kwenye ile GB 500 nimebakiwa na rekodi tatu, kwa sababu nilikuwa nimezituma kwa mhariri kabla. Mvuvi wa Kibirizi, dakika 11. Mama wa dagaa wa Ujiji, dakika 6, na jogoo anawika nyuma. Mwenyekiti wa mwalo ambaye hakusema kitu cha maana. Bibi hayumo.

Jumamosi hii kuanzia saa nne nitakuwa pale Mwanga, kwenye baraza la rafiki yangu mwenye stationery, nina flashi yangu. Njooni na laptopu zenu tusome madaftari ya diski zenu, silipishi. Yule binti wa chuo kama unasoma hapa, njoo wa kwanza. Sharti ni moja: uje na diski ya pili au flashi iliyo tupu. Ukija mikono mitupu tutasalimiana tu.